Kizibo cha Kandambili

Mimi mtu akinichekea mara mbili kwa siku bila sababu, nakwenda kuhesabu vijiko vyangu. Ndivyo nilivyo. Kwa hiyo mkwe wangu alipoleta hita ya maji, tangi jeupe lenye kitambi, akasema ni kwa ajili ya kumwogeshea mtoto, nilimshukuru kwa mdomo tu. Walikuwa wamehamia kwangu baada ya binti yangu kujifungua, na huyo mkwe alikuwa haongei. Salamu, asante, usiku mwema, basi. Nilimpachika jina la Bwana Kimya, na kila nilipopata upenyo nilimnong'oneza binti yangu: kimya kingi kina mshindo mkuu. Mbona simu yake anailaza kifudifudi? Mbona kila Alhamisi anachelewa?

Mwanzoni binti yangu alikuwa akicheka. Baadaye akaacha kucheka, akaanza kutazama saa siku za Alhamisi.

Fundi aliyekuja kuifunga hita alikuwa rafiki yake Bwana Kimya, na hilo peke yake lilinitosha. Alilitundika tangi kwenye ukuta wa bafu, juu ya pale tunapoweka beseni la mtoto, kisha akanionyesha kibomba kifupi kilichotokeza chini yake.

"Hii ni valvu ya usalama, mama. Maji yakipata moto yanatanuka, kwa hiyo hapa yatakuwa yanadondoka kidogo. Usishtuke, ndiyo kazi yake. Nitarudi baada ya mwezi kuikagua."

Jamani! Umeona wapi fundi anafunga kitu kinachovuja, halafu anakuambia kuvuja ndiyo kazi yake? Na siku ya kurudi tayari anayo! Nikasema moyoni, hawa wawili wamekaa kikao.

Tone, tone, tone, ndani ya ndoo. Nilivumilia siku tisa. Siku ya kumi, wote walipokwenda kliniki, nilivua kandambili yangu ya bluu, nikakata kipande cha kisigino, nikakichonga kwa kisu cha jikoni mpaka kikaenea, nikakishindilia ndani ya kibomba na kukikaza kwa waya. Maji yakakatika. Nilijipongeza kwa sauti, peke yangu bafuni, kama mwehu. Kandambili nikaendelea kuivaa, maana kisigino tu ndicho kilichopungua.

Wiki ya tatu tangi likaanza kunguruma kila lilipopata moto. Ukifungua bomba, maji yalitoka kwa kishindo yakifuka mvuke, na binti yangu alilazimika kuchanganya maji baridi mengi na kuyapima kwa kiwiko kabla hajamwingiza mtoto.

"Unaona?" nikamwambia. "Mumeo na fundi wake wametuletea takataka. Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu."

Kizibo? Wallahi nilikuwa nimekwisha kukisahau. Nilikuwa na kazi ya kuhesabu makosa ya wenzangu.

Fundi akarudi siku ileile aliyoahidi, asubuhi, nami nikazidi kumshuku, maana ni fundi gani anayetimiza ahadi? Bwana Kimya alikuwa anafunga kamba za viatu aende kazini. Binti yangu alikuwa bafuni, ameinamia beseni, mtoto mikononi, tangi linanguruma juu ya vichwa vyao. Fundi alichungulia, akainua macho kwenye kibomba.

"Dada, toka na mtoto. Toka sasa hivi!"

Alizima swichi ya umeme iliyo nje ya mlango wa bafu, akatutoa sote uani. Tulikaa huko saa nzima na zaidi, tangi lipoe. Kisha akaingia peke yake, tukasikia maji yakifoka. Alipotoka shati lilikuwa limelowa. Alituita sebuleni, akaweka kizibo mezani.

"Nani ameziba valvu kwa hiki?" akauliza. "Kidhibiti joto kimeungua, hita haijizimi tena. Maji yalikuwa yanachemka humo ndani na hayana pa kutokea. Tangi lingepasuka. Lingepasukia juu ya beseni."

Binti yangu alimgeukia mumewe.

"Ni wewe."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Hita umeleta wewe, fundi ni rafiki yako. Wewe na Alhamisi zako! Ulitaka tufe ili uwe huru? Kusanya nguo zako urudi kwenu. Leo hii!"

Yalikuwa maneno yangu, mengine neno kwa neno, yakitoka kinywani mwa mwanangu.

Bwana Kimya alikitazama kizibo, bluu ile yenye mstari mweupe. Akatazama miguu yangu. Akainua macho yakakutana na yangu, kisha akayainamisha.

Nitasema kweli: kwa muda wa kumeza mate, nilifurahi. Angeondoka, nami ningebaki na wanangu. Kisha mtoto akapiga chafya ndani ya taulo, sabuni bado imemkaukia sikioni.

Nilivua kandambili, nikaiweka mezani, nikakisogeza kile kipande kwenye kisigino. Kikaenea.

"Ni mimi," nikasema. "Lilikuwa linadondoka. Nilidhani mnanifanya mjinga."

Fundi alishusha pumzi. "Mama, likidondoka sana nipigie simu. Lakini usizibe, hata siku moja." Akachukua mkoba wake, akaenda kufungua ile valvu na kidhibiti joto aweke vipya.

Hakuna aliyenifokea. Bora wangenifokea. Bwana Kimya alimpokea mtoto, akawa anampangusa ile sabuni kwa ncha ya taulo.

"Mbona hukusema?" binti yangu akamuuliza. "Umekiona, ukanyamaza."

"Ni mama yako," akajibu.

Binti yangu alikaa kitako sakafuni. Halafu akanitazama, bila hasira hata kidogo.

"Mama, na yale mengine yote uliyoniambia juu yake?"

Nikayapitia moja moja, simu, Alhamisi, kimya chake, nikitafuta hata moja nililoliona kwa macho yangu mwenyewe. Nilikuwa bado nimesimama pale, mguu mmoja peku, naye bado ananisubiri.