Hitilafu ya Umeme

Jumanne moja, saa nane kasoro mchana, Severa alikuwa anabadilisha kitufe cha sauti kwenye rimoti ya mzee mmoja wa Ilala, aliyedai amechoka kuinuka kitini kila matangazo yanapoanza kupiga kelele. Meza yake ilikuwa barazani mwa duka la vifaa vya umeme la Elimringi, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo: meza ya mbao, solda, mita ya kupimia umeme, kopo la skrubu, na benchi moja la wateja. Elimringi alikuwa kaka wa marehemu mumewe. Walipomaliza kumzika Samson kule Kibosho, ndugu walikaa kikao wakasema mjane apewe pa kushika, na Elimringi akaitoa ile baraza bila kinyongo. Huo ulikuwa mwaka wa sita.

Alipoinua macho alimwona Shaima ameketi kwenye benchi, mfuko wa kaki mapajani.

"Shikamoo, Mama Lucky."

"Marahaba, mwanangu. Umekaa sana?"

"Hapana. Malizia tu."

Shaima alikuwa amezikwa siku kumi na nane zilizopita. Severa mwenyewe alikwenda msibani, akakaa mkekani na wanawake wenzake, akamshika mkono mama mtu. Kwa hiyo habari za nyumbani hakuziuliza. Alikaza skrubu ya mwisho, akaijaribu rimoti, akaiweka pembeni.

"Haya. Nini kinakusumbua?"

Shaima akatoa ekstensheni mfukoni na kuilaza mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Nusu ilikuwa nyeupe, nusu imeyeyuka ikawa donge jeusi. Ilinuka moshi, na chini ya moshi ilinuka vanila.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mtoto wa mwisho wa Mzee Hamud na Bi Mauza, na alikuwa akioka keki katika vyumba viwili walivyopanga Ilala. Keki zake zilijulikana. Baada ya Idi ya mwaka jana alinunua oveni kubwa, akaja kwa Severa kuuliza ekstensheni gani itaiweza. Severa, bila kuacha kuchomelea alichokuwa anachomelea, akamwonyesha mlango kwa kidevu: "Ingia hapo kwa shemeji, mwambie nimekutuma mimi."

Siku ya moto alikuwa ameamka tangu alfajiri. Baada ya swala ya adhuhuri aliingiza keki tatu ndani ya oveni, akajilaza kidogo kupumzisha mgongo. Viliungua vyumba vinne. Wapangaji walitoka wote, isipokuwa yeye.

"Zimamoto wameandika hitilafu ya umeme," alisema Shaima. "Ripoti nzima ni maneno hayo matatu. Lakini umeme ulikuwa wetu sote, nyumba nzima mita moja, na kwa wenzangu haukuwa na hitilafu. Nataka nijue hitilafu ilikuwa ya nani."

Severa akauliza maswali anayomuuliza kila mteja. Ulichomeka nini? Oveni peke yake. Uliwahi kusikia plagi ikipata moto? Niliwahi, nikaizima, nikaiacha ipoe, nikawasha tena, kama unavyowaambia wateja wako. Taa ilikuwa inacheza? Kidogo. Soketi ya ukutani ilikuwa imelegea?

"Haikulegea."

"Huenda ililegea," alisema Severa. "Nyumba za kupanga, zile soketi zake ni za zamani sana. Hii imeungua mno, mwanangu. Hapa mtu hawezi kujua."

Shaima akaitikia kwa kichwa. Akairudisha ekstensheni mfukoni, akaaga, akaondoka akipita katikati ya machinga na wapagazi. Wapagazi walimpisha, kwa sababu alikuwa amebeba mzigo.

Kesho yake saa nane alikuwa pale pale kwenye benchi.

"Nimeikagua ile soketi," alisema. "Ipo nzima. Ukuta umeanguka lakini yenyewe ipo."

Severa akamwambia huenda ni oveni. Siku ya tatu Shaima akaja na jibu kwamba oveni haikuwa na kosa. Siku ya nne Severa akasema huenda umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, na siku ya tano Shaima akaja amewauliza majirani wote wa mtaa kama ulikatika. Haukukatika. Kila siku alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaondoka.

Katika siku hizo iligundulika kwamba simu ikiwekwa karibu na Shaima inajaa chaji. Awadhi, aliyekuwa akiuza kava za simu upande wa pili wa mtaa, ndiye aliyeligundua. Alikuja kuchukua simu yake aliyoiacha kwa Severa imezima kabisa, akaikuta asilimia mia, na waya haujachomekwa. Ikawa umeme ukikatika, watu wanakuja na simu zao.

"Yule dada wa Ilala anakuja saa ngapi leo?"

"Saa nane."

Walizipanga simu kwenye benchi, huku na huku kwa Shaima, wakampa pole na asante, wakaendelea na shughuli zao. Elimringi naye alitoka akamsalimia vizuri. Alimwomba tu asogeze benchi kidogo, maana lilikuwa linaziba mlango, na siku ile kulikuwa na mzigo unashushwa. Wapagazi waliingiza maboksi thelathini. Ubavuni mwa kila moja ilichorwa ekstensheni nyeupe yenye matundu matano.

Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, Shaima hakuutoa mfuko. Alikaa nao tu.

"Mama Lucky, baba jana kaenda Buguruni."

"Kufanya nini?"

"Kuna mpangaji mwenzetu mmoja kahamia kule baada ya moto. Baba kamfuata kumwomba radhi. Amekwishawaomba wote, sasa anarudia. Anasimama mlangoni kwa mtu, kofia mkononi, anasema mwanangu alilala akasahau, mnisamehe. Na mama anamwambia kila anayekuja kutoa pole, mwanangu alisahau. Mimi sikusahau. Nilitega kengele ya simu dakika arobaini."

Severa aliizima solda. Akafungua droo, akatoa sumaku aliyoichomoa kwenye spika mbovu, na kisu.

"Lete," alisema.

Alikata waya pale palipobaki pazima, akauchuna. Nyuzi za ndani zilikuwa nyembamba kama nywele, na chache. Rangi yake ilikuwa ya shaba. Akaukwangua uzi mmoja kwa ncha ya kisu, na chini ya rangi ukatoka mweupe. Kisha akaisogeza sumaku. Shaba haishikwi na sumaku, hilo hata mwanafunzi wa ufundi wa wiki ya kwanza analijua. Nyuzi zile ziliruka zikaganda kwenye sumaku zote kwa pamoja.

Shaima aliubandua uzi mmoja, ukarudi ukaganda.

"Feki," alisema.

"Feki. Imepakwa rangi tu. Haiwezi hata pasi, sembuse oveni. Hata ungekuwa macho, umesimama mbele yake, ingewaka."

"Na wewe umejua leo?"

Upande wa pili wa mtaa Awadhi alikuwa anamwita mteja. Severa alifuta kisu kwenye gauni, akakifuta tena.

"Nilijua mwaka jana," alisema. "Nilifungua moja nikaijaribu kwa sumaku hii hii. Nikamwambia shemeji. Akaniambia, shemeji, orijino ninazo, zipo pale juu zimejaa vumbi, watu wanataka za bei hii. Nikanyamaza. Hii baraza ni yake. Ada ya shule ya Lucky analipa yeye."

"Mwaka jana mwezi gani?"

"Ramadhani."

"Mimi nilinunua baada ya Idi. Idi hiyo hiyo."

"Ndiyo."

"Ukaniambia niseme umenituma wewe."

"Ndiyo, mwanangu."

Shaima hakulia. Haikujulikana kama bado anaweza. Aliikunja ekstensheni upande kwa upande, akasema, "Niandikie."

Severa akamwandikia kwenye karatasi ya daftari: jina la kifaa, kosa lililokutwa, jinsi lilivyopimwa. Akaandika kwamba mtumiaji hakuwa na kosa. Mstari huo akaupigia wino mara mbili. Akagonga muhuri wake wa ufundi, akasaini. Kisha wakaingia dukani wote wawili.

Elimringi alivaa miwani, akasoma karatasi yote bila haraka. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kumfokea mteja.

"Risiti unayo, binti?"

Shaima alikuwa nayo. Ilikuwa imeungua pembe moja. Chini yake palisomeka: Mali ikishauzwa hairudishwi.

"Unaona hapa," alisema Elimringi, akiweka kidole. "Lakini wewe umeleta karatasi ya fundi, na fundi mwenyewe ni shemeji yangu, siwezi kumkatalia. Na mama yako namheshimu. Pole sana kwa yaliyokukuta."

Akainama chini ya kaunta, akapasua boksi jipya, akatoa ekstensheni nyeupe yenye matundu matano. Akaichomeka ukutani kuonyesha kwamba taa inawaka. Akaichomoa, akaifuta kwa kitambaa, akampa Shaima kwa mikono miwili. Kwenye karatasi ya Severa akagonga muhuri wa duka: IMEBADILISHWA.

"Shemeji," alisema Severa.

"Naam, shemeji."

Severa aliyatazama maboksi, kisha akamtazama. Elimringi alingoja kwa adabu. Dukani kulikuwa na wateja saba, na mmoja alikuwa ameshaanza kuuliza ile ya matundu matano ni shilingi ngapi.

"Basi," alisema Severa.

Jioni ile alifunga meza mapema, akaenda Ilala. Bi Mauza sasa alikuwa akikaa kwa dadake, chumba cha uani. Alimpokea vizuri, akamtengea kahawa. Severa akamsomea karatasi yote, kwa kuwa Bi Mauza miwani yake iliungua.

"Kwa hiyo hakusahau?" aliuliza Bi Mauza.

"Hakusahau. Alitega kengele. Kosa ni la waya, na waya nilimwelekeza mimi, huku najua ulivyo. Nimekuja kukuambia hilo pia."

Bi Mauza aliisogeza kahawa yake pembeni.

"Nani kakuambia alitega kengele?"

"Yeye mwenyewe. Anakuja kwangu kila siku, saa nane."

"Anakuja kwako." Bi Mauza akavuta mtandio wake, akauvuta tena, kana kwamba umepungua. "Mbona kwangu haji?"

"Anaona haya, mama. Alitaka aje na karatasi mkononi."

Mzee Hamud aliporudi kutoka msikitini alisomewa naye. Alisikiliza amesimama. Aliomba asomewe tena mstari uliopigiwa wino, akasomewa, akaikunja karatasi akaitia mfuko wa kanzu. Ijumaa alikwenda nayo Buguruni kwa yule mpangaji. Mpangaji akasema amemsikia, lakini karatasi haimrudishii kitanda. Mzee Hamud akavua kofia akamwomba radhi.

Bi Mauza yeye alikuja Kariakoo. Alifika saa saba u nusu akakaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Saa nane Shaima akaja, akasimama mbele yake, hajui mikono aiweke wapi.

"Umekula?" mama yake alimuuliza.

"Bado."

Bi Mauza akatoa kibakuli cha wali mkobani. Shaima alikaa, akala chote, na mama yake akamtazama anavyokula. Bi Mauza alimwambia karatasi imesomwa, na kwamba tangu sasa akimsikia mtu anasema alisahau, atamjibu. Atawajibu mpaka achoke. Kisha akaomba mkono wake akaushika, na Severa akainamia redio ya mtu, akatafuta kosa ambalo alikwisha kulirekebisha.

Bi Mauza alipotaka kuondoka aliwasamehe wote, kwa sauti, kama inavyopasa. Lakini tangu siku hiyo hakumwita Severa Mama Lucky. Alimwita fundi.

Mwezi ule ule walianza kuja wengine waliozikwa kama yeye. Wa kwanza alikuwa baba mmoja wa Tandika na feni yake, amemshika mkono mtoto wa miaka mitatu. Wakaja wanandoa waliobeba birika. Akaja bibi aliyekuwa na chaja ya simu tu, akaomba samahani kwa kuleta kitu kidogo hivyo. Severa aliongeza benchi la pili. Aliwapimia wote kwa sumaku, akawaandikia wote karatasi, na kila karatasi Elimringi aliipokea kwa heshima, akagonga muhuri, akatoa kifaa kingine kwenye boksi. Ilibidi foleni ziwe mbili, ya wanaonunua na ya wanaobadilisha. Zilienda sambamba hadi nje barabarani, na watu walisalimiana kutoka foleni moja hadi nyingine.

Shaima aliendelea kuja. Aliwaelekeza wageni wapi pa kuanzia, akawashikia watoto.

Jumamosi moja msichana mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya kununua, umri wake kama wa Shaima, na mtoto mgongoni, alimgeukia.

"Samahani, dada. Hizi ekstensheni ni nzuri?"

"Si nzuri," alisema Shaima. "Zile nzuri zipo juu kabisa, kule penye vumbi."

Msichana akainua macho akazitazama, akauliza bei, akaambiwa. Akacheka kidogo, bila ubaya.

"Nina friji ya barafu tu," alisema. "Nauza barafu. Ninayoimudu ni hii."

"Basi usiiwashe ukalala."

"Friji nayo, dada? Si inawaka usiku na mchana?"

Zamu yake ilikuwa imefika. Akalipa, akaitia ekstensheni kwenye kapu, akamrekebisha mtoto mgongoni, akawaaga wa foleni zote mbili. Shaima alimfuata kwa macho mpaka alipokata kona ya Mtaa wa Narung'ombe. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, akawaomba na wenzake wasogee, ibaki nafasi ya mtu na mtoto.