Kiswahili Kibaki Mlangoni

Kuuliza si ujinga, ila jibu likija uwe na masikio ya kulipokea. Wenye watoto wadogo wayasikie haya ya Mama Kola mapema.

Jina hilo alilipata kwa kazi. Alikuwa fundi cherehani, na kwa kola za mashati ya shule hakuna aliyemfikia. Darasa lake liliishia la saba. Mumewe alifariki mtoto akiwa mchanga, akabaki na binti huyo mmoja kama jicho.

Siku alipompeleka binti chekechea, mwalimu mkuu aliwaambia wazazi kwamba ili mtoto akijue Kiingereza, sharti akisikie na nyumbani. Wazazi wengine waliitikia wakaenda zao. Mama Kola alilishika neno lile kama kiapo. Jioni ileile akatoa amri: Kiswahili kibaki mlangoni pamoja na viatu, na atakayekiingiza ndani ataosha vyombo.

Basi muoshaji akawa yeye. Binti alidonoa maneno mapya kila siku kama kifaranga anavyodonoa punje, na mama akateleza asubuhi, mchana na jioni. Jirani yake, msusi, alimtania. "Shoga, sheria umeitunga wewe na jela umeingia wewe. Vyombo vinang'aa, lakini nyumba imenyamaza kama ina maiti." Mama Kola alicheka naye. Mwisho akapata dawa ya kuteleza: akaacha kusema.

Binti akafika miaka kumi na mitano, kila muhula akishika nafasi ya kwanza au ya pili darasani. Mezani alikula huku anasoma kitabu. Mama alikuwa na Kiingereza cha kuamrisha, njoo, kula, oga, lala, ila cha kuongea na mtu hakuwa nacho. Ndipo akanunua daftari, akaliweka kwenye droo ya cherehani, na kwa msaada wa msusi, aliyefika kidato cha nne, akaanza kuandika mawili mawili yale maneno yaliyokuwa yakimchanganya. Hear, sauti imekufikia tu. Listen, umetega sikio. Say, unasema tu. Tell, lazima awepo wa kuambiwa. Borrow na lend, moja ya kuchukua na moja ya kutoa, zilimtesa siku tatu, maana yeye maisha yake yote kaazima na kuazimisha bila kuumwa kichwa. Alone, uko peke yako, na pengine umeridhika. Lonely, hata katikati ya watu moyo hauna mwenzake. Hili la mwisho msusi hakulieleza mara mbili. Lilimwingia papo hapo.

Muhula wa pili binti akabadilika. Chakula alikigusa tu. Akirudi shule alipita moja kwa moja chumbani, mlango ukafungwa. Mama aliyaona macho mekundu siku ya kwanza, akayaona ya pili, na ya tatu akasema leo ni leo, lazima nijue mwanangu ana nini. Kutwa, huku anapiga kola, alilipima swali lake kama kitambaa kabla ya mkasi. Alasiri binti alipoingia, akamfuata, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamuuliza kwa Kiingereza, taratibu, kama anajisikia mpweke.

Neno lilikuwa lenyewe kabisa, wala hakulikosea. Binti alimtazama kama mtu aliyeitwa jina lake ugenini, kisha akafunguka. Alisema, akalia, akasema tena, mbio kama bomba lililopasuka, na Kiingereza kile hakikuwa cha daftari. Mama Kola alidaka neno dawati, akadaka darasa, yaliyobaki yakampita. Akawa anaitikia kwa kichwa tu. Angefanyaje? Mtoto analia, umkatize umwambie arudie polepole?

Binti alimaliza, akamtazama. Alipoona ni kichwa tu kinachoitikia, akamuuliza mama kama ameelewa. Hapo mama akaivunja amri yake mwenyewe.

"Mwanangu, niambie kwa Kiswahili. Chochote ulicho nacho, nitakipata."

Binti alijaribu. "Mimi... wao hapana taka... kule darasa, mimi..." Alipapasa kama mgeni anayetafuta swichi kwenye nyumba ya watu. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani: nipe, bei gani, asante. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Basi, Mami. Si kitu."

Akageukia ukutani. Mama alikaa pale mpaka mgongo wa mtoto ukaacha kutetemeka. Alitaka kumshika bega, mkono ukaishia njiani. Hakukumbuka mara ya mwisho alimshika lini.

Ijumaa aliziacha kola zake, akaenda shuleni. Mwalimu wa darasa alimpokea vizuri na kumweleza yote kwa Kiswahili, wala hayakuchukua dakika tano. Kuna wanafunzi walikamatwa wakiibia mtihani, na wenzao wakaamua kwamba aliyewachongea ni binti yake. Tangu hapo, wiki ya sita sasa, hakuna anayekaa naye dawati moja wala kumwitikia salamu. Mwalimu akamtazama mama wa watu, amejikunja kitini na mkoba mapajani.

"Kwani mtoto hakukwambia, mama?"

"Aliniambia," alisema Mama Kola. "Aliniambia yote."