Mlango wa Mwalimu

Bosi alikuwa hajatimiza miaka mitatu na nyumba nzima ilikuwa chini ya amri yake. Neno hata moja hakusema, lakini akitaka maji atakushika mkono akuburute mpaka kwenye ndoo, na ole wako uchelewe. Baba yake, dereva wa lori la masafa marefu, alisema huyu anaweka akiba ya maneno ya uzeeni. Wakacheka wee, mpaka daktari wa watoto alipowakalisha chini akawaambia mtoto ana usonji, na umri huu ndio wa kumsaidia; wakiuacha upite, kazi itakuwa ngumu maradufu. Hapo kicheko kikakatika.

Njia zilikuwa mbili. Ama mtoto apelekwe kituo cha watoto wenye usonji kila asubuhi akafundishwe pamoja na wenzake, ama mwalimu wa kituo amfuate nyumbani. Mama Bosi hakutaka kuhadithiwa, akaenda kituoni kujionea. Chumba kizuri, sikatai, mikeka safi na picha ukutani, lakini watoto wamejaa, huyu analia, yule anagonga kiti, na feni nayo inakwaruza juu. Bosi aliziba masikio akajichimbia chini ya meza, na kumtoa huko ilikuwa shughuli pevu. Mama mtu akasema basi, mwanangu atafundishiwa nyumbani.

Sasa nyumbani nako kunataka mtu. Baba yuko barabarani, na Mama Bosi mwenyewe alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli. Anaingia alfajiri, anatoka jioni mikono imeiva kwa mvuke wa mashuka, na humo ndani simu ni marufuku. Nani atabaki amfungulie mwalimu mlango? Kipusa, mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa nyumbani akingoja harusi yake. Kwani kulikuwa na la kufikiria? Mama Bosi ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimsuka nywele, alimsomesha kwa mshahara huo huo wa pasi, akakosana na mawifi kwa ajili yake.

"Dada, hili niachie mimi," alisema Kipusa. Akaachiwa.

Na mwanzoni mambo yalikwenda, tena vizuri. Mwalimu alikuwa mama mtu mzima asiye na papara, anakuja na fulana yake ya kituo yenye maandishi mgongoni, anaketi sakafuni jikoni, maana Bosi alikuwa haambiwi kitu kwa mifuniko ya sufuria. Mwalimu anauinua mfuniko usawa wa macho yake, anangoja. Bosi akimtazama, anapewa. Siku moja ya mapumziko Mama Bosi akajaribu mwenyewe. Akangoja mpaka mkono ukafa ganzi, kisha mtoto akainua uso akamtazama machoni, akatulia hapo. Mama alilia mpaka kamasi, na hakuona haya.

Halafu yakageuka. Anarudi kazini, Kipusa anamwambia, "Mwalimu wako leo hakutokea, dada." Zamu nyingine ikafika, hakutokea. Na nyingine. "Hawa watu bwana, wakishakuzoea wanakupanda kichwani. Wewe kaa ule, umechoka." Anampashia chakula, anamkanda mabega. Mama Bosi anakula huku akimtazama mwanawe aliyekwisha acha kutazama watu, amejiinamia pembeni anazungusha mfuniko peke yake. Kila jioni alizidi kumchukia yule mwalimu.

Akavumilia, akavumilia, mwisho akaomba ruhusa akaenda kituoni kumpa zake. Na alimpa, tena mbele ya watu.

"Mimi napiga pasi," alimwambia. "Shuka nisilolipiga siwezi kusema nimelipiga. Wewe unajisikiaje, mtoto anakungoja na wewe umekaa huku?"

Mwalimu alimwacha amalize. "Mama Bosi, mimi nimekuja siku zote. Mdogo wako anafungua mlango nusu. Mara mtoto kalala, mara kapelekwa kwa shangazi yake. Juzi akaniambia wewe umesema nisije tena."

"Mdogo wangu yupi?"

"Kwani unao wangapi?" Alisema kwa upole kabisa. "Na mtoto hakuwa amelala. Nilimsikia huko ndani akigonga mfuniko, na aliposikia sauti yangu akazidi kugonga. Nilidhani mmenichoka. Nikaona vibaya kung'ang'ania mlango wa watu."

 Mama Bosi akavuta kiti kilichokuwa karibu, cha mtoto, akakikalia hivyo hivyo magoti yakimfika kidevuni. Matusi aliyokuwa amebaki nayo mdomoni yakakosa pa kwenda. Akamwomba mwalimu radhi, akaondoka.

Nyumbani alimkuta Kipusa sebuleni anapaka kucha rangi. Mlango wa chumba cha nyuma umefungwa kwa ufunguo, na Bosi yumo ndani.

"Nimetoka kuonana na mwalimu," Mama Bosi akasema.

Kipusa hakuinua kichwa. "Na wewe dada, unamwamini mtu baki kuliko mimi?"

Haya, sikia hiyo. Mwingine angemrukia hapo hapo. Mama Bosi alimkazia macho tu, na macho hayo Kipusa hakuyaweza. Akaweka chini kichupa cha rangi, machozi yakaanza.

"Shangazi wa mchumba wangu amehamia nyumba ya mbele," alisema. "Kila siku anamwona yule mama anaingia na fulana yake ya maandishi. Akaniuliza kwenu kuna mgonjwa gani. Dada, watasema ni maradhi ya ukoo. Watasema na mimi nitawazalia wa hivyo. Unataka nibaki hapa mpaka nizeeke?"

"Ukamjibu nini?"

Kipusa akafuta pua.

"Nakuuliza, ukamjibu nini?"

"Nilisema ni mtoto wa mpangaji wetu, wa chumba cha nyuma."

Jamani. Uongo wa mlango, ule wa kalala na kaenda kwa shangazi, huenda Mama Bosi angeumeza kwa taabu, maana damu ni damu na wasichana huogopa kuachwa. Lakini hili lilimkaba. Mtoto amefungiwa chumba cha nyuma, nyumbani kwao, ili uongo upate kusimama, na aliyegeuza ufunguo ni mtu aliyebebwa mgongoni na mama wa mtoto huyo huyo. Aliumia kuliko siku ya daktari. Siku ile hakukuwa na mtu aliyemfanyia makusudi.

"Ilikuwa ni mpaka harusi ipite," Kipusa alisema. "Miezi michache tu. Baada ya hapo ningemwita mwalimu mwenyewe."

"Daktari alisemaje kuhusu hiyo miezi? Si ulikuwepo?"

Kipusa alikuwepo. Akashuka sakafuni akashika miguu ya dada yake. "Nisamehe. Kesho mpigie simu aje, nitamfungulia. Naapa nitamfungulia, hata yule shangazi akiwa amesimama hapo nje."

Pengine angemfungulia kweli. Mama Bosi aliliona hilo usoni mwake, na ndilo lililomtia uchungu zaidi, kwamba bado alitamani kumwamini. Lakini alijiona kesho yake kwenye mvuke, shuka mkononi, simu iko kabatini, akijiuliza mlango umefunguliwa au haukufunguliwa. Na kazi hakuweza kuiacha. Akaichomoa miguu yake taratibu.

"Kesho Bosi anakwenda kituoni. Nitamwacha hapo nikienda kazini."

"Kituoni?" Kipusa alishtuka kweli. "Dada, kule anaziba masikio. Wewe mwenyewe ulisema hapamfai."

"Hapamfai. Najua."

"Na hapa alishaanza kukutazama. Sasa kwa nini umpeleke?"

Mama Bosi alikwenda kwenye chumba cha nyuma, akazungusha ufunguo.

"Kwa sababu kule," akasema, "wakiulizwa huyu ni mtoto wa nani, watasema ni wangu."