Bata Mzinga Mwenye Tai

Nilikwenda kwenye mhadhara ule kwa ajili ya jino la baba. Jino limeoza, shavu limevimba, na mimi binti yake ni daktari wa meno. Lakini kwangu hataki kuja. Anasema atatafuta daktari mwingine.

Mtaalamu wa saikolojia alipanda jukwaani, mate meupe yamemkauka pembeni mwa midomo. Kwa kazi yangu mate hayanitii kinyaa. Siku ile yalinitia.

Akaanza kisa chake kilekile, kilichomlisha miaka nenda miaka rudi: mtoto wa kike aliyemwogopa bata mzinga mpaka akawa hatoki nje. Eti bata si bata. Ile nyama nyekundu inayoning'inia shingoni ni tai nyekundu ya baba mtu, tai ya ofisini. Mtoto alikuwa akimwogopa baba yake! Ukumbi mzima ukaitikia kwa vichwa.

Nikanyoosha mkono. "Samahani mzee. Mtoto huyo ni mimi. Bata wa jirani alinidonoa hapa." Nikawaonyesha kovu chini ya sikio. "Nilikwambia siku ileile nilipoletwa kwako, ukawa unachonga penseli. Naomba useme tu kwamba ulikosea. Baba anakuamini wewe."

Akatabasamu kama mtu aliyeletewa chai. "Mnaona? Mpaka leo anakataa. Hasira hiyo ndiyo ushahidi wenyewe."

Mwanamama mmoja wa fani hiyohiyo akauliza kutoka mbele, "Na angekubali?"

"Ingekuwa ushahidi pia."

"Kwa hiyo mtoto aseme nini ndipo uwe umekosea?"

Watu wakacheka, kisha wakaenda kunywa soda. Naye akaenda kunywa soda. Mtu mzima ovyo!

Yeye hasara yake ni kicheko. Baba aliambiwa ajiweke mbali, asije akamtisha mtoto, na baba ni mtu wa kushika maagizo. Tai aliitupa pipani. Akaacha kunibeba. Daftari za shule akawa ananiwekea mezani, nikitoka chumbani ndipo yeye anaingia. Mimi ninayeshinda nikitia vidole vinywani mwa watu nisiowajua, mkono wa baba siujui ulivyo.

Watoto huja kwangu wakilia. Nikiwauliza wanaogopa nini, wananionyesha sindano. Nami naificha sindano. Kuna ugumu gani hapo?

Nilitoka ukumbini moja kwa moja mpaka kwa baba. Nilimkuta ameshika shavu kwa leso.

"Baba, bata alinidonoa. Tazama mwenyewe."

Nikainama. Alivaa miwani, akaliangalia kovu kwa muda mrefu bila kuligusa.

"Yaani ni bata?"

"Bata tu, baba."

"Na mimi?"

"Wewe nilikuwa nakusubiri unibebe."

Akaenda kuvaa viatu.

Kliniki nilimlaza kwenye kiti, nikawasha taa. Alipofungua mdomo usaha ulinuka vibaya, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuona kinyaa chochote. Nikamsogelea na sindano. Akafunga mdomo ghafla, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "nikiwa karibu nawe hivi, hutaogopa?"