Robe Nyekundu ku Bifurkasio

Mi Honorine, mutoto ya Tata Kalumba. Hapa kwetu, ku Bifurkasio, njo reli inagawanyika: moja inaenda Kolwezi, ingine inapanda Kamina. Kila Jumapili, siku ya Mungu, kisha misa, bantu banatoka hata Manika na taxi-moto kuya kuangalia matreni. Kuko benye banajua mashini kwa sauti tu. Bantu ya bichwa nguvu banauliza, munaona nini kule? Aksh! Mabehewa makumi ine inageuka, bulongo inatetemeka, chuma yote inatii mukono ya mutu mumoja. Mi sijachoka kuangalia tangu butoto.

Ule mutu, myaka mingi, alikuwa tata yangu. Ni yeye alikataza nguo nyekundu. Zamani, mama moja alipungia dada yake na kitambala nyekundu, shofere akazani ni hatari, treni ikasimama mpaka mangaribi. Kisha pale, mutu akikuya na nyekundu, tunamufukuza. Tata alikufa, mi nikabakia polisi ya ile sheria.

Njo vile nilifukuza Shekina, fiancée, muchumba ya Samy, ndugu yangu mudogo mwenye kuendesha treni. Alikuya amevaa robe, nguo ndefu nyekundu paa, ati Samy amuone. "We binti, uko na akili? Enda nyuma ya kanisa, treni ipite kwanza!" Akaenda na machozi. Kusema kweli, sikumupenda. Niliona anaringa.

Haikupita dakika kumi, Gael, mwenye alikamata kazi ya Tata ya kugeuza reli, akapiga kelele. Libwe ya cuivre, jiwe ya shaba, ilianguka kutoka mufuko ya taxi-moto moja, ikakwama mu reli, reli haifungi tena. Anapiga na chuma, inakatala. Na treni ya Samy inalia kule ku kona! Bendera nyekundu ya Gael ya kusimamisha treni, jua ilishakula rangi yake yote. Tukipunga mikono, Samy atafikiri tunamusalimia kama siku zote. Tukaangaliana nguo: bleu, kijani, manjano. Hakuna nyekundu hata kidogo. Ni mi nilifanya vile!

"Shekina! Shekina weeh!" Nililia mpaka sauti ikaisha.

Akatoka mbio nyuma ya kanisa, viatu mu mukono, akasimama pembeni ya reli, akainua mikono, robe inapepea. Chuma ikasugua chuma. Treni ikasimama, ikibakia mita kumi tu ifike ku libwe.

Samy akashuka na hasira. "Nani amevaa nyekundu? Honorine, sheria ya Tata iko wapi?"

Nilikamata mukono ya Shekina. "Usimugombeze muke yako," nikamuambia. "Angalia libwe kwanza. Mi nilimufukuza, na angebakia kule, sasa tungekuwa tunakulilia."

Samy akaangalia libwe, akakaa chini.

Siku ya Mungu yenye ilifuata, Shekina alikuya na robe ya bleu, juu ya kuniheshimu. Nilimurudisha nyumbani aende kuleta ile nyekundu. Sasa inakaa mu kikapo yenye ninakuya nayo ku reli, juu kabisa, karibu na mukono.