Swali la Kwanza la Asubuhi

Kazija alikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali moja ya Chake Chake, na kila asubuhi alifika kabla ya wenzake. Seva ya hospitali ilizimwa na kuwashwa upya kila alfajiri, basi yeye, hata hajakaa vizuri, aliijaribu kwa kuiuliza orodha ya wachangiaji damu wa kundi lake mwenyewe, B hasi. Majina kumi na tisa yakatokea papo hapo. Akaridhika, akaenda kunywa chai.

Bi Siti, muuguzi wa chumba cha damu, hakuridhika.

"Kazija mwanangu, orodha hii ina wazimu. Siku nyingine nabonya tu, majina haya hapa. Siku nyingine inazunguka mpaka nachoka."

"Leo vipi?"

"Leo inazunguka."

Kazija akajaribu mbele yake. B hasi. Sekunde moja. Akakagua mtandao, akabadilisha waya, na katika daftari la malalamiko akaandika: Tatizo halikuonekana.

Jumanne moja ya masika, Time Ngwali wa Vitongoji alijifungua mtoto wa kike saa tatu za asubuhi, damu ikakataa kusimama. Kundi lake lilikuwa O chanya, damu waliyonayo watu wengi kuliko nyingine zote. Friji ilikuwa na chupa moja tu ya kundi hilo, nayo ikamalizika. Bi Siti akamtuma Abrahman, mumewe Time, akatafute ndugu na majirani, mwenyewe akafungua orodha awapigie simu wachangiaji waliokwisha kupimwa. Kompyuta ikaanza kuzunguka.

Majina yalitokea baada ya dakika kumi na moja. Mchangiaji wa kwanza, mwalimu kutoka Wawi, aliingia anahema, mkono wa shati ameshaukunja. Time alikuwa ameshafunikwa shuka.

Daktari alisema huenda asingepona hata kama damu ingewahi. Kazija alilisikia neno moja tu: huenda.

Siku mbili hakushika kazi nyingine. Alitoa kumbukumbu za seva za miezi minne, akaziweka siku za upesi upande mmoja na za kuchelewa upande wa pili. Umeme haukuhusika. Mtandao haukuhusika. Swali lilikuwa lile lile, neno kwa neno. Mwisho akachukua daftari la mahudhurio akalilinganisha na zile tarehe. Siku zote za kuchelewa zilikuwa siku alizokuwapo yeye. Wiki aliyolala na homa, orodha haikuchelewa hata mara moja.

Ndipo alipoelewa. Seva ikiulizwa swali kwa mara ya kwanza huchagua njia ya kulijibu, na njia hiyo huishikilia mpaka izimwe tena. Yeye aliiuliza B hasi, watu kumi na tisa, nayo ikachagua kumchukua mtu mmoja, kwenda kutafuta vipimo vyake, kurudi, kumchukua mwengine. Kwa watu kumi na tisa ilikuwa njia nzuri. Bi Siti alipokuja na O chanya, watu elfu kumi na mbili, seva iliifuata njia ile ile, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Asubuhi ambazo Kazija hakuwapo, na Bi Siti akatangulia kuuliza O chanya, ilivisoma vipimo vyote kwa mkupuo mmoja.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa maandishi: kila swali litafutiwe njia yake upya. Kazija aliuandika, akajaribu makundi yote manane, kisha akalaza kichwa juu ya meza akalia.

"Ulikuwa ukiijaribu kwa nia njema," alisema Bi Siti.

"Uliniambia, Bi Siti. Mara ngapi uliniambia! Nami kila mara nikaijaribu kwa damu yangu tu."

Mkuu wa kitengo chake alimtaka aandike katika ripoti kwamba mtandao ulikuwa dhaifu. Kazija akaandika ilivyokuwa, akatia saini.

Siku ya hitima alikwenda Vitongoji. Dua ilipomalizika, akasogea kwa Bi Mgeni, mamake Time, aliyempakata mjukuu wake, akamweleza yote kwa sauti ya chini.

"Mie hayo ya mashine siyajui," alisema Bi Mgeni. "Hizo dakika kumi na moja ni nyingi?"

Kazija alitamani kusema ni chache. "Ni nyingi, mama."

Bi Mgeni akamfunika mtoto miguu. "Abrahman alizunguka sokoni akiwarai watu. Anadhani yeye ndiye aliyechelewa. Tangu siku ile hali chakula. Nenda kamwambie."

Abrahman alikuwa nyuma ya nyumba, akikusanya mikeka. Kazija akamweleza tena, tangu mwanzo.

"Si wewe uliyechelewa," alimaliza. "Ni mimi."

Abrahman hakuinua macho. "Na sasa hiyo orodha inafunguka upesi?"

"Inafunguka."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akaitika kwa kichwa, akaubeba mkeka, akaenda kuwaaga watu waliokuwa wakiondoka. Kazija alisimama pale akingoja neno jingine, la hasira au la msamaha. Abrahman hakurudi.