Uchafu wa Kahawia

Mimi sina subira, na mashine zote za maabara zinalijua hilo. Mbele yangu ilikuwa chupa kubwa ya kioo, na ndani yake hewa ya mfano wa ile iliyo juu kabisa ya mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali: naitrojeni na methani kidogo, ikipigwa cheche za umeme. Nilitaka ukungu kama ule unaoufunika mwezi huo. Haukuja. Jumatatu watafiti wa rangi za ukutani wangepewa chupa hiyo, na kazi yangu ingeishia hapo.

Kilichokuja ni uchafu wa kahawia kwenye kioo. Kila asubuhi niliusugua kwa spiriti huku nikimlaani fundi wa pampu, ambaye ni mume wa dada yangu.

"Pampu yako inatapika mafuta, shemeji," nikamwambia. "Ona kioo kilivyo!"

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Akachukua bisibisi, akaifungua pampu mbele yangu. "Hii mpya haitumii mafuta hata tone. Haya, huo uchafu umetoka wapi?"

Nikaweka chini kitambaa cha kusugulia, nikakitazama kioo kwa makini. Kwa kuwa utulivu si kawaida yangu, akaniuliza kama naumwa.

Nilikuwa nikifuta kilekile nilichokitafuta.

Kipimo changu hakikuuona ukungu ukizaliwa kwa kuwa kilisoma chembe zenye chaji chanya tu, kama tulivyozoea sote pale. Zenye chaji hasi tulizipuuza, tukidhani ni chache mno. Nikageuza swichi ya kipimo ili kisome hasi. Shemeji akarudisha pampu, tukawasha cheche, tukakaa tukigombania kiti kimoja. Kwenye skrini zikatokea chembe hasi: kwanza nyepesi, kisha nzito, kisha nzito kupita kiasi. Zilikuwa zikijiunga na nyingine na kunenepa mpaka zikawa ukungu, na ukungu ukatua kwenye kioo.

"Sasa unalia nini?" shemeji akauliza.

"Nimefurahi, mjinga wewe!"

Mkuu wa maabara akaingia, akakitazama kioo, akakunja uso. "Watu wa rangi wanakuja Jumatatu, na chupa iko hivi?" Akaokota kitambaa.

"Usiguse!" tukapiga kelele pamoja.

Nikamwonyesha skrini. Aliisoma mstari kwa mstari, kisha akakiweka kitambaa chini polepole.

"Watu wa rangi nitawatafutia chupa nyingine," akasema.

Alipotoka, shemeji alikifungia kitambaa kabatini pamoja na spiriti, akatia ufunguo mfukoni. Haniamini, na ana haki.